Gauni Lisilo na Mgongo

Chumba cha cherehani,
Nyuma ya duka la vitasa.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kitinda,

Pokea salamu zangu mimi dada yako. Natumai hujambo. Nimeandika "natumai" kwa sababu barua lazima ianze hivyo, tulifundishwa sote na mwalimu mmoja, lakini hali yako naijua. Naiona asubuhi kabla sijanawa uso, naiona mchana, naiona jioni nikikata uzi wa mwisho. Umesimama kando ya dirisha refu, umekaa kwenye kochi jeupe, umeshika kikombe kwa vidole viwili kana kwamba kinaunguza. Hujambo, tena hujambo sana.

Mimi, ukitaka kujua, sijambo kidogo. Kiuno kinaniuma, macho yamechoka, na nina hasira niliyoitunza siku nane isiharibike. Nimeamua kuitoa kwa kalamu, maana karatasi haina pa kubandika moyo mwekundu. Utaisoma mpaka mwisho au utaichana. Ile ya kugusa kwa kidole ukapita zako, leo hakuna.

Barua hii anakuletea binamu yetu fundi umeme. Likizo yake imekwisha na kesho anarudi huko mliko. Nimemwambia akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka aone umeifungua, kwa hiyo usimpe chai ya haraka ukamsindikiza.

Jumamosi ya tarehe mosi ulituma sauti kwenye kundi la familia, watu arobaini na sita wakaisikia. Ulisema, "Mmeniaibisha mbele ya watu. Simu inaita nusu saa nzima hakuna anayepokea. Kama ni kijicho, semeni tujue." Sauti hiyo nimeirudia mpaka naijua kwa moyo. Haya, nitakwambia kwa nini simu haikupokewa. Ila itabidi nianzie mbali kidogo, na utavumilia.

Tangu kiharusi kimpate Mama, mwaka wa pili huu, mkono na mguu wa kushoto havifanyi kazi. Hilo unalijua. Usilolijua ni siku inavyokwenda. Saa kumi na moja alfajiri nambadilisha nepi, namwosha, nampaka dawa kwenye kidonda cha kulalia kilicho juu kidogo ya makalio. Kimoja kikipona kingine kinachungulia. Kila baada ya saa mbili namgeuza ubavu. Wateja wangu wamezoea. Nikiwa katikati ya kumpima mtu kifua, kengele ya simu ikilia namwacha amesimama na futi shingoni, nakwenda kumgeuza Mama, narudi, tunaendelea. Wengine hawakuzoea, wakahamia kwa fundi mwingine. Sikuwalaumu.

Uji anakunywa kwa kijiko, nusu unarudi shingoni. Maneno yanatoka machache, na akichoka hayatoki kabisa. Siku nyingine ananitukana kwa jicho. Siku nyingine mimi ndiye namtukana, kimoyomoyo, kisha naenda kusimama uani mpaka nipoe.

Sasa tuje kwenye picha ya Ijumaa. Mjomba fundi bomba ndiye aliyeweka utaratibu ule, ati ukoo mzima umwone mgonjwa mara moja kwa wiki, watu wasihangaike. Ijumaa ya kwanza nilimpiga Mama alivyo, kwenye shuka lililofubaa, mdomo umekwenda upande. Watu kumi na wawili wakaandika pole. Wewe ukanipigia unafoka, kwa nini ninamwanika mama yetu namna ile, ukiulizwa na wenzako utawaonyesha nini. Nikaona haya. Nikaamini kweli nimekosa adabu. Hapo ndipo nilipoharibu mimi mwenyewe, na sehemu hiyo ya lawama naibeba, sikupi.

Basi nikashona lile gauni. Ukimvika Mama nguo kwa kuipitisha kichwani, bega la kushoto linamuuma mpaka analia. Nikakata kitambaa cha zambarau chenye vimaua, nikashona upande wa mbele tu. Kola ya lesi, mikono ya puto, vifungo sita vya lulu. Nyuma hakuna kitu, ni tepe tatu za kufungia na ngozi ya Mama. Ijumaa namtegemeza kwa mito mitatu, namtandikia gauni kifuani kama mtu anayetandika kitambaa cha meza, namfunga, nampaka mafuta usoni, namgeuza upande ulio mzima, napiga. Dakika kumi. Kisha nalivua na kulitundika nyuma ya mlango mpaka Ijumaa nyingine.

Ukoo ulishangilia. Mioyo ikamiminika. Wanawake watatu wakaniagiza gauni kama lile, mmoja wao alitaka alivae kwenye harusi ya mwanawe. Nikawajibu kitambaa kimekwisha. Ningewajibu nini, kwamba mshono ule ni wa mtu asiyeweza kuketi? Nilicheka peke yangu siku mbili, na ninakiri nilijivunia. Ulikuwa mshono mzuri.

Lakini sikiliza kilichofuata. Mama mdogo alikuwa akija kila Jumanne kunisaidia kumgeuza na kumwosha nywele. Baada ya picha ya tatu hakuonekana. Nikamfuata kwake, akanipokea kwa furaha tele: "Nimeona, nimeona, dada anapendeza siku hizi. Mungu mkubwa." Mjomba naye alikuwa avute bomba mpaka chumbani kwa Mama ili niache kubeba ndoo. Mabomba alishayaleta. Akaniambia si jambo la haraka tena, mgonjwa si ameshapata nafuu. Yapo mpaka leo ukutani nje, yamelala hapo, kuku wa jirani wanayarukia. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tuliupaka mlango rangi, watu wakaacha kubisha hodi.

Nilikwambia hayo. Nilikuandikia wewe peke yako, mwezi wa kumi na moja, kwamba Mama mdogo haji tena na kidonda kimefunguka. Ulijibu kwa kikatuni kinachokunja mikono kuomba, na chini yake picha yako kando ya bwawa la kuogelea.

Mwezi uliopita ukatuletea jambo jipya. Siku yako ya kuzaliwa inakaribia, ukasema, na zawadi pekee unayoitaka ni picha ya Mama amesimama. Uwaonyeshe wenzako. Nikakujibu hasimami. Ukaniandikia, "Dada, nawe hujaribu. Wewe kila kitu ni hapana." Mama alikuwa ananisikiliza nikisoma ujumbe wako kwa sauti, akatikisa kichwa kuonyesha anataka. Nikakubali, kwa uchovu. Uchovu, Kitinda, hutia saini mambo mengi.

Tulifanya hivi, ujue picha uliyoibandika ilitengenezwaje. Mjomba na mimi tulimbeba Mama mpaka mlango wa chumba. Mimi nikaingia nyuma ya pazia, nikapitisha mikono kwenye ule uwazi wa gauni, nikamshika kiunoni ngozi kwa ngozi, goti langu nikalikaza nyuma ya goti lake lililokufa. Mjomba akarudi nyuma na simu. "Bado kidogo," akasema, "pazia linaonyesha kisigino." Nikavuta kisigino. Mama alikuwa anatetemeka mwili mzima, jasho lake linanitiririkia mikononi, na bado akatabasamu kwa ule upande unaotabasamu. Ukiitazama vizuri utaona pazia limevimba. Hakuna aliyeitazama vizuri.

Ukaandika chini yake, "Mama yangu amerudi miguuni. Mlioomba nami, asanteni." Mjomba mwenyewe, aliyeipiga ile picha, akaweka moyo. Nilimuuliza, mjomba, na wewe? Akasema, ah, mpwa wangu, tusimvunje mtoto.

Wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, ukatuma sauti, ile nyingine tamu. "Mama, Jumamosi saa tano nakupigia ya video. Wenzangu wote watakuwepo. Nataka uje mlangoni mwenyewe utupungie mkono. Hatua tatu tu, Mama, nimewaahidi." Mimi nilikuwa nimetoka kununua uzi. Simu iko kitandani kwa Mama, akaigusa, akaisikia yote. Niliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyepewa kazi. Nilipoisikia sauti yako jioni nikapanga uongo wangu mapema: ningesema mtandao umekatika. Unaona jinsi tulivyokuwa mafundi.

Jumamosi saa nne na nusu nilikuwa chumba cha mbele, nimepiga magoti napima pindo la sketi ya mteja, pini mdomoni. Nikasikia kishindo. Mtu mzima akianguka sakafuni, Kitinda, huwezi kudhani ni kitu kingine. Nilimeza pini moja au niliitema, sijui mpaka leo.

Alikuwa ametoka kitandani peke yake. Alikuwa amelivuta lile gauni kutoka nyuma ya mlango kwa fimbo ya pazia na kujitandikia kifuani kwa mkono mmoja. Tepe hazikufungwa, angezifunga na nini. Alikuwa ameanza mazoezi ya hatua tatu, nusu saa kabla ya wakati ili asikuangushe. Alianguka kwenye ya kwanza. Mguu ulikuwa umegeukia nje, na nikajua bila kuuliza mtu. Tukahangaika kutafuta machela, mteja wangu akakimbia barabarani na sketi yenye pini kuita gari. Tukiwa bado tumeinama pale, saa tano ikafika na simu ikaanza kuita juu ya kitanda. Picha yako ikawaka, umepaka rangi ya midomo. Ikaita, ikakatika, ikaita. Mama akanyoosha mkono aipokee. Alikuwa sakafuni, nyonga imevunjika, anataka kupokea simu yako.

Ndiyo maana haikupokewa.

Tangu siku hiyo yuko wodini. Kitu cha kwanza alichofanya baada ya sindano ya maumivu ni kuniapisha nisikupigie wala nisikuandikie kwenye simu, ati wiki hii ni ya sherehe yako. Nikaapa. Karatasi hakuitaja, kwa hiyo mbele ya Mungu nitajitetea.

Jumatano, nikimnywesha maji kwa mrija, nilishindwa kujizuia. Nikamwambia, "Mama, mbona ulidhani unaweza? Ile picha ni mimi niliyekushika, sikio langu lilikuwa mgongoni mwako." Akanitazama kama anavyotazamwa mjinga. "Mikono yako naijua," akasema.

Nikamuuliza, basi kwa nini. Aliusukuma mrija kando. Kisha akasema, "Yule hana raha," akaonyesha simu.

Nikamfungulia picha zako. Mama alisafisha vyumba vya hoteli miaka ishirini na sita, huhitaji mimi nikukumbushe nani alitulipia madaftari. Akaanza kunifundisha, neno moja moja, na kidole. Kile kitanda ulichoandika "chumbani kwangu, Jumapili tulivu": pembe za shuka zimekunjwa kama bahasha. "Nani anajitandikia hivyo?" Lile bafu lako: taulo tatu zimepangwa kwa ukubwa, sabuni bado iko kwenye karatasi yake. Kisha ile picha ya kochi jeupe. Hakukukuza wewe, alikuza kioo kilicho nyuma yako. Akanipa nitazame. Kiunoni kwa nyuma umechomeka kitambaa cha vumbi, na pembeni yake kinaning'inia kicha cha funguo.

"Vyumba vya watu," Mama akasema. "Anapiga haraka mwenyewe hajarudi." Nikamuuliza amejua lini. "Mwaka jana." Na hakunong'ona kwa yeyote, hata kwangu mimi ninayemwosha. Halafu akasema maneno mengi kwa mkupuo kuliko aliyosema tangu augue: "Kule hana cha kujivunia. Ana mimi tu. Nikasema nisimame."

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za hospitali. Nilipomwona binamu nikamuuliza moja kwa moja unafanya kazi gani. Akatazama viatu vyake. Sikumuuliza tena, na wewe usimgombeze, hakusema neno.

Sasa unisikie vizuri. Kazi yako hainiudhi. Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha, ndiyo iliyokununulia viatu vya kwanza vya shule na mimi nikavaa vya kurithi. Kinachoniudhi ni kwamba uliionea haya mbele ya Mama, mtu pekee duniani ambaye angekuuliza unatumia dawa gani kwenye vigae, na mkono ukipasuka unapaka nini. Mngekuwa na mazungumzo kila siku. Badala yake ulimpa kochi la mwenye nyumba, naye akakurudishia kusimama kwa kuazima. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chenyewe kimekuja kupitia mguu wa mtu asiye na kosa.

Nimesema nina sehemu yangu, na mjomba ana yake, na wale arobaini na sita wana yao. Jana nilitoka kwenye kundi. Kabla ya kutoka niliweka picha ya Mama akiwa wodini, alivyo, mrija na yote. Wewe ulikuwa umekwisha kulinyamazisha kundi kwenye simu yako, binamu ameniambia, kwa hiyo sidhani umeiona. Mama mdogo aliiona. Alikuja mbio na ndala za miguu tofauti, akakaa chini analia, akaniuliza kwa nini sikumwambia.

Daktari wa mifupa atampasua Alhamisi amfunge chuma. Amenieleza kwa kunichorea. Chuma kitashika, lakini wiki sita asiukanyage ule mguu hata kwa utani. Akiukanyaga kitang'oka, na mfupa wake ni mlaini mno, mara ya pili hawatajaribu. Atabaki na maumivu hayo mpaka mwisho wake. Nikamwambia daktari tutamchunga. Ijumaa mchana simu ya mgonjwa wa kitanda cha jirani ikalia, na muuguzi akamkuta Mama ameshika chuma cha kitanda anajivuta kuinuka. Alidhani ni wewe. Wamemwekea vizuizi pande zote mbili, lakini mimi namjua yule mwanamke, na vizuizi havitamtosha.

Nimemwambia alale. Daktari amemwambia. Mjomba amepiga magoti. Anaitikia, kisha anauliza Kitinda amepiga.

Kwa hiyo sikuandikii uje. Najua sasa huwezi kuja, na najua kwa nini, usiniandikie ile ya likizo ngumu kazini. Sikuandikii utume kitu. Nataka upige simu Jumatano, ya sauti tu, kamera izimwe, na wenzako wasiwepo. Umwambie unasafisha vyumba. Umwambie ni ghorofa ngapi, unaanza saa ngapi, nani anakukaripia. Mwambie mikono inakuuma. Umlilie ukitaka, amemlea mtoto mlizi, atajua la kufanya. Mimi siwezi kumwambia hayo kwa niaba yako, atasema nakusingizia kwa kijicho, na pengine miezi miwili iliyopita angekuwa sahihi.

Mama mdogo anakusalimu, anasema hana hasira nawe, amejikasirikia mwenyewe. Mjomba fundi bomba anakusalimu. Tangu jana anachimba ukuta, vumbi limejaa kwenye vitambaa vya wateja wangu na sikumwambia kitu. Mteja wa sketi naye anakusalimu ingawa hakujui, alishika kichwa cha Mama njia nzima ndani ya gari. Mungu akulinde huko kwenye ngazi za watu, akupe na ulimi mwepesi siku moja hii.

Jumatano saa nne asubuhi, saa za huku, simu itakuwa mkononi mwa Mama. Usichelewe, Kitinda. Ukichelewa atainuka kukungoja.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na nisiyekusamehe bado.